Kipanya cha Mtoto

Katika ofisi ya wakili mmoja kulikuwa na katibu ambaye hakuna aliyewahi kumkuta amevurugika. Barua zake hazikuwa na kosa, viatu vyake havikuwa na vumbi, na ya nyumbani kwake aliyaacha nyumbani. Mumewe alipopatwa na kiharusi, aliwaambia wenzake kwamba mzee amesumbuliwa kidogo na presha. Akaomba ruhusa ya siku chache, kisha akarudi kazini na uso uleule. Miezi ilipopita na watu wakaendelea kuulizia hali, alijibu kwamba mzee ameshapona, amerudi karakana, siku hizi anasimamia vijana tu. Kusema kweli karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na randa na misumeno ilikuwa imelala chini ya turubai.

Mumewe huyo watu wote walimwita Fundi, hata mkewe. Alikuwa seremala wa milango na makabati, mwenye viganja vipana kama mabamba. Kiharusi kilimshika upande wa kulia. Mguu ulirudi, ukawa unaburuta kidogo. Ulimi nao ulirudi, ila maneno yalimtoka mojamoja, kama mtu anayechambua mchele. Uliogoma ni mkono. Kidole gumba na kile cha shahada vilitii amri, cha kati kilitii kikipenda, na vile viwili vya mwisho vilibaki vimejikunja ndani ya kiganja.

Mtaalamu wa viungo alimpa mpira laini wa kuminya. Fundi aliuminya kwa wiki moja, kisha akautupa juu ya kabati, akasema hajawahi kuajiriwa kuminya mpira na hataanza uzeeni.

Gemu lililetwa na binti yao aliyekuwa chuoni. Alikuja likizo na kompyuta yake ya zamani, akaiweka juu ya meza ya sebuleni, akamwonyesha baba yake gemu la kujenga ngome. Unakata miti, unachana mbao, unasimamisha kuta na malango kabla adui hajafika. Na adui huyo ni watu wa kweli, wamekaa majumbani kwao, kila mmoja na skrini yake. Fundi alicheka sana alipoona kwamba huko mti unakatwa na mbao zake zinakauka kwa kufumba na kufumbua. Alicheka, lakini akakaa. Likizo ikaisha, binti akarudi chuoni, Fundi akabaki pale kitini.

Mkewe alifurahi na akaona haya kwa pamoja. Alifurahi kwa sababu vile vidole viwili vilianza kukunjuka, hata mtaalamu wa viungo akauliza mpira ule waliununua wapi. Aliona haya kwa sababu kila alipotoka kazini alimkuta mtu wa umri wa kuitwa babu ameinamia skrini, ncha ya ulimi nje, akigonga meza kwa furaha kwa kuwa lango lake limewashinda maadui. Dirisha la sebule lilitazama njia ya majirani. Basi yule mama akajizoesha kuvuta pazia kila aingiapo. Hakusema kwa nini. Fundi naye hakuuliza, alidhani ni jua.

Sasa, kile kipanya kilichokuja na kompyuta kilikuwa chembamba na bapa, mithili ya sabuni iliyokwisha. Kiganja cha Fundi kilikimeza chote, vidole vibovu vikawa vinaburuzika mezani, na kila mambo yalipopamba moto kipanya kilimponyoka, ukuta ukabomolewa. Wenzake wa timu, aliocheza nao bila kuwajua sura, walimwandikia kumwuliza kama alikuwa amesinzia. Hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali. Siku moja akamwambia mkewe kwamba anataka kipanya kingine, cha gemu, chenye mgongo wa kushikika.

Mkewe akasema atakipitia dukani akitoka kazini. Fundi akakataa. Kiatu, akasema, hakijaribiwi kwa mguu wa jirani. Ikabidi waende pamoja Jumamosi, na mama akachagua duka la upande wa pili wa mji, akidai huko viko vya kila aina. Viko kweli. Lakini sababu iliyompeleka huko ilikuwa nyingine: huko hawajulikani.

Lilikuwa duka refu lenye meza ya kioo, na vipanya vimepangwa juu yake, kila kimoja kimefungwa kwa kamba nyembamba ya chuma kisije kikatembea na mteja. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani. Alimvutia Fundi kiti, akamwuliza anacheza gemu gani, na akishika kipanya, je, kiganja chote kinalala juu au anashika kwa ncha za vidole. Fundi hakueleza, alimwonyesha mkono. Muuzaji akautazama kama anavyoutazama mkono wowote, akaanza kuleta vipanya.

"Nyumbani tunawatega," Fundi akasema taratibu, "hapa tunawalipia."

Muuzaji akacheka kweli, si cheko la biashara. Mke wa Fundi alicheka pia, huku anatupia jicho mlangoni.

Cha kwanza kilikuwa na vitufe ubavuni, safu mbili nzima, na kidole gumba cha Fundi kilivibonyeza vyote bila kukusudia. Kwenye skrini ya majaribio vitu vikafunguka na kufungika ovyo. Akakirudisha, akasema kina vifungo vingi kuliko koti la bwana harusi. Cha pili kilikuwa kizito, mkono ukachoka mapema. Cha tatu kilikuwa chepesi kama ganda la yai, lakini mgongo wake ulitobolewa matundu kama chekeche. Fundi akasema hicho hakifai, kitajaa vumbi la mbao. Alipokwisha kusema akakumbuka hakuna tena vumbi la mbao. Mkewe akajifanya anasoma maandishi ya boksi.

Cha nne hakikuwa na waya. Kilikuwa na mgongo mpana ulioinuka, na upande wa kulia kilitoa ukingo mdogo, kama baraza ya nyumba, mahali pa kuegesha vidole vya mwisho. Fundi alikifunika kwa kiganja. Vile vidole viwili vikashuka polepole, vikakaa barazani, vikatulia. Akakizungusha, na mshale kwenye skrini ukachora duara bila kukwama. Kisha akafumba macho, akaendelea kukisogeza, kama alivyokuwa akifanya zamani anapopapasa ubao kujua kama randa imemaliza kazi. Mkewe alikuwa hajauona uso ule tangu augue.

Hapo ndipo sauti ilipoita kutoka mlangoni, "Katibu!"

Alikuwa karani wa masjala wa ofisini kwao, mama mmoja mchangamfu ambaye wenzake walimbandika jina la Redio, kwa sababu habari aliyoisikia asubuhi ilikuwa imeshatangazwa kabla ya chai. Alikuja kubadilishiwa kioo cha simu. Akawajia mikono mbele, akamsalimia mwenzake, akamgeukia Fundi.

"Shemeji, za siku nyingi? Nasikia karakana imechangamka, siku hizi unasimama pembeni vijana wanatoka jasho."

Fundi alimtazama mkewe. Redio naye macho yake yakashuka hadi kwenye ule mkono, kisha kwenye skrini yenye ngome na bendera, na kabla hajauliza, katibu akawahi.

"Tunamtafutia mtoto kipanya," akasema. "Cha gemu. Si unawajua watoto."

Neno lilikuwa limeshatoka. Muuzaji aliyekuwa ameshika boksi aliinua macho, akayarudisha chini.

"Mtoto yupi tena? Si binti yenu yuko chuo?"

"Wa wifi yangu. Yuko kwetu kwa sasa."

Uongo haupendi kukaa peke yake, huita ndugu zake. Katibu alihisi masikio yanapata moto. Alingoja mumewe aseme jambo, na hakujua aombe nini: aukanushe au anyamaze. Kwa miaka yote aliyoishi na mtu huyu hakuwahi kumsikia akimdanganya mteja hata kuhusu ubao mmoja. Fundi alikusanya maneno yake, moja baada ya jingine.

"Ndiyo," akasema. "Ni cha mtoto."

Akautoa mkono juu ya kile kipanya. Aliuinua kwa mkono wa kushoto, akautia mfukoni kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Redio, ambaye kwa kweli alikuwa na moyo mwema, akaona awasaidie. Hicho si kikubwa mno kwa mtoto, akauliza, na ana umri gani? Fundi akajibu kwamba ana miaka tisa. Redio akatembeza macho mezani, akaokota kipanya kidogo cha kuwakawaka taa nyekundu na kijani, akasema watoto wanapenda vya namna hii, wa dada yake analala nacho. Fundi akatikisa kichwa kukubali. Muuzaji alimwuliza kwa sauti ya chini kama ana uhakika.

"Mtoto atafurahi," Fundi akasema.

Mkewe angeweza kusema wakati ule. Alikuwa na nafasi pale Redio alipokwenda kuangalia simu yake, na tena pale boksi lilipokuwa linatiwa mfukoni. Alifungua mkoba, akalipa.

Walipokaribia nyumbani Fundi akauliza jambo moja tu, bila hasira, kama anayetaka kujua.

"Hao vijana ninaowasimamia," akasema, "ni wangapi?"

Mkewe akatafuta funguo kwa muda mrefu, na funguo zilikuwa mkononi mwake.

Fundi alikiunganisha kile kipanya mwenyewe na akakitumia. Kilipotea chini ya kiganja chake kama yai chini ya kuku, taa nyekundu zikawa zinachungulia katikati ya vidole. Hakulalamika hata mara moja. Laiti angelalamika, mkewe angepata pa kuanzia. Alimbembeleza warudi wakakibadilishe. Fundi akajibu kwamba hiki kinatosha. Akamwomba tena baada ya siku mbili, jibu likawa lilelile, kwa upole uleule, na ule upole ulimchoma kuliko kofi.

Kisha siku moja alirudi kutoka kazini, akaenda moja kwa moja dirishani kama kawaida yake, akakuta pazia limeshavutwa. Fundi ndiye aliyelivuta. Alikuwa amekaa kwenye giza dogo la sebule, gemu limezimwa, mikono juu ya magoti. Mama akasimama pale, mkoba begani. Alielewa kwamba mumewe sasa anajua kuwa halikuwa jua.

Usiku ule hakula vizuri, na kesho yake saa ya chai akaenda kukaa karibu na Redio. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi, lakini yalipotoka yalitoka bila mpango. Alisema kile kipanya hakikuwa cha mtoto. Hakuna mtoto yeyote aliyekuja kwao. Ni Fundi anayecheza gemu. Karakana imefungwa tangu augue, haikuwa presha ni kiharusi, mkono wake wa kulia haufanyi kazi, na vijana hakuna.

Redio alishika kikombe, hakunywa. Akasema pole, na alikuwa anamaanisha. Kisha akashindwa kujizuia.

"Mtu mzima yule," akasema, "gemu?" Akacheka, akaziba mdomo, macho yakaendelea kucheka.

Kabla ya chakula cha mchana dereva wa ofisi alikuwa ameshamwuliza katibu ni gemu gani hilo. Jioni wakili akamwita ndani, akamwambia akae. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba amekuwa akiwatuma wateja wake kwa Fundi, watu waliotaka milango na makabati, na kila mmoja alirudi kusema amekuta kufuli. Akadhani Fundi amekuwa na maringo, amechoka kufanya kazi na watu wadogo. Na kuna mahali aliwahi kulisema hilo. Sasa anajuta. Angejua, angekuja kumjulia hali. Katibu alitazama mikono yake mwenyewe. Wanasema uso umeumbwa na haya, lakini wa kwake siku ile aliuona kama umeazimwa, hauwezi hata kuinuka.

Hata hivyo alikwenda nyumbani akiwa mwepesi kidogo. Alijiambia kwamba angalau limekwisha, na kwamba Fundi akisikia atapumua. Akamweleza yote, hata kicheko cha Redio, hata ya wakili. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Umewaambia na mkono?" akauliza.

"Nimewaambia."

Alitafuta maneno, na mkewe akajua kwamba safari hii hayachelewi kwa sababu ya ugonjwa.

"Dukani ulinificha, hukuniuliza," Fundi akasema. "Leo umenianika, hukuniuliza."

Mama akafungua mdomo kujitetea, akaona hakuna cha kutetea. Ni kweli kwamba hata leo, alipokuwa anaungama, aliungama kwa mali ya mwenzake. Akasema, "Nisamehe." Fundi akasema amesikia. Akainuka akaenda kulala, mguu unaburuta koridoni.

Siku zikapita hivyo. Walizungumza habari za maji na umeme, na binti akipiga simu walipokezana kwa adabu. Wakili alikuja kumwona Fundi, akakaa kidogo, akaondoka. Fundi alimsindikiza mpaka mlangoni na hakusema baadaye kama ugeni ule ulimfurahisha au ulimwudhi, na mkewe hakuthubutu kuuliza. Kisha asubuhi moja, wanakunywa chai, Fundi mwenyewe akasema, "Jumamosi. Lile duka."

Muuzaji aliwakumbuka. Lakini kile kipanya chenye baraza kilikuwa kimeshanunuliwa, na hakujua kama vitakuja vingine. Alikuwa na kipanya ndugu yake, akasema, cha kampuni nyingine: mgongo uleule, ila ukingo wake mwembamba zaidi. Hicho kidogo cha taa hawezi kukipokea tena maana kimeshatumika. Fundi akasema hicho hakirudi, kitakwenda kwa binti. Akakaa, akaanza kujaribu. Vidole viwili vilikaa ukingoni, kimoja kikateleza, akakirudisha kwa mkono wa pili, kikateleza tena. Nyuma yao foleni ilikuwa inakua. Kijana mmoja alishusha pumzi kwa nguvu. Mkewe alitamani kumwambia Fundi achukue tu waondoke, akauma mdomo.

Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni, mtu wa heshima zake, akamwinamia katibu kwa wema. "Mnamnunulia mjukuu?" akauliza.

Jibu jepesi lilikuwa palepale kwenye ulimi wake. Lingemridhisha yule mama na kijana, na wasingeonana nao tena maishani. Badala yake akamgeukia mumewe, akanyamaza. Fundi alikuwa amesikia. Alichukua muda wake, na ule muda ulikuwa mrefu. Watu watatu wanne walikuwa wanamtazama, na mkewe hakuujaza.

"Changu," Fundi akasema. "Nacheza mwenyewe."

Yule mama akasema, "Aa," akatabasamu, akahamishia macho kwenye rafu za spika. Na katibu, ambaye alidhani siku hiyo ikifika atasimama wima, alihisi uso unawaka vilevile. Bado aliona haya. Aliona haya mbele ya yule mama asiyemjua, kisha akaona haya kwa kuona haya, na hakukuwa na mahali pa kuziweka zote mbili. Akashika mgongo wa kiti cha mumewe, akangoja amalize.

Fundi alikichukua kile chenye ukingo mwembamba. Alisema atakipiga msasa kwa mazoea.

Nyumbani kilikuwa na kasi ya ajabu. Ukikigusa tu, mshale unakimbia mpaka mwisho wa skrini kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Fundi akajenga ukuta wake wa kwanza katikati ya mto. Akafungua mahali pa kupunguza kasi, lakini maandishi yalikuwa madogo, macho yake nayo si ya jana.

"Njoo unisomee," akaita.

Mkewe alivuta kiti cha pili. Hakuwahi kukaa mbele ya ile skrini. Akamsomea mstari kwa mstari; wakapunguza kasi, akajaribu, bado; wakapunguza tena. Ukuta wa pili ukakaa nchi kavu, ingawa umepinda. Pembeni mwa skrini maandishi yakatokea: mwenzake wa timu anauliza alikuwa wapi siku zote hizi. Adui alikuwa ameshaonekana kilimani, na mkono wa kushoto wa Fundi ulikuwa umeshika mkono wa kulia usiteleze.

"Mjibu wewe," akasema bila kugeuza kichwa.

Mkewe akaweka vidole juu ya vitufe vya kuandikia, kisha akavisimamisha.

"Niandike nini?"

Fundi akafikiri, huku maadui wanashuka.

"Andika nimerudi."

Akaandika kama alivyozoea kuandika maisha yake yote, kwa herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni. Jibu halikuchelewa: yule mwenzake alitaka kujua tangu lini amekuwa mtu wa barua za ofisini. Fundi alicheka mpaka kidole kikateleza ukingoni, na upande mmoja wa ukuta ukaanguka. Mkewe hakucheka. Alikuwa amekiona kile kidole, akanyoosha mkono kukirudisha, akasita, akamtazama kwanza.

"Kirudishe," Fundi akasema. "Haraka, wanaingia."